Riba, Benki na Uongo wa Kale: Uhakiki wa Hadithi Inayohubiriwa Usambara

Ipo hadithi moja ambayo kila mtumishi wa Kanisa katika milima ya Usambara amekwisha kuisikia, ingawa si rahisi kumtaja aliyeitunga. Husimuliwa katika mikutano ya injili, huuzwa katika vijitabu vyembamba kwenye vituo vya mabasi, na siku hizi hupokelewa katika simu kwa ujumbe wa sauti unaopita kutoka kwaya hadi kwaya. Hadithi yenyewe husema kwamba fedha zote za dunia zimo mikononi mwa familia chache za Kiyahudi. Kwamba benki kuu za mataifa, na ya kwetu ikiwamo, ni mali yao. Kwamba vita, madeni na njaa hupangwa nao mezani. Na kwamba Freemason, Illuminati na Mpinga Kristo wote ni watumishi wa mpango huo mmoja. Jina la Rothschild hutajwa mara nyingi, na mtajaji hulitamka kwa shida.

Tumeona vema kuifanyia hadithi hii uhakiki kama tunavyofanyia kitabu, yaani kuuliza imetoka wapi, imejengwaje, na inamtendea nini anayeisikiliza. Hatuandiki ili kuwacheka wanaoiamini. Baadhi yao ni wanafunzi wetu, wengine ni wachungaji wenzetu ambao tunawaheshimu kwa uaminifu wao katika kazi, na sisi wenyewe tumewahi kuketi katika mkutano ambapo hadithi hii ilisimuliwa tukanyamaza, kwa kuwa mhubiri alikuwa mgeni na mgeni hakatizwi.

Tuanze na msikilizaji. Mkulima wa kabichi, karoti au viazi wa Lukozi au Shume huchukua mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo. Mazao yakiwa bado shambani, dalali hufika na bei yake. Ndugu zetu wa Kagera wanayo desturi inayofanana na hiyo katika kahawa, nao huiita butura: mtu huuza kahawa ingali mtini, kwa kuwa ada ya shule haisubiri mavuno. Siku ya kupakia ikifika, gunia hufungwa lumbesa. Hujazwa likapita mdomo wake, likaongezwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, na mkulima hulipwa kama kwamba ni gunia moja tu. Sheria ya vipimo imekataza ufungashaji wa namna hii, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini mvua inapokuwa inanyesha, na barabara ya kushukia Soni hadi Mombo inateleza, ni nani atakayebishana na mwenye lori wakati kabichi zinaoza?

Mkewe naye ameingia katika mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina lisilohitaji ufafanuzi: kausha damu. Marejesho ni kila wiki, pengine kila siku. Akishindwa, huja kuchukuliwa godoro. Vijana wao hukopa kwa simu. Na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Mtu wa nyumba hii anapoambiwa siku ya Jumapili kwamba taabu zake zote zina sababu moja, na kwamba sababu hiyo ina jina, tusishangae akiitika Amina. Hadithi imeanzia katika jeraha la kweli. Hilo ndilo linaloipa nguvu, na anayetaka kuijibu bila kuligusa jeraha hilo atakuwa anapiga maji ngumi.

Sasa tuulize hadithi imetoka wapi. Haikutoka katika Biblia, wala haikutoka katika uchunguzi wa benki yoyote. Sehemu zake ziliokotwa mahali mbalimbali na kuunganishwa polepole. Illuminati walikuwa chama kidogo cha wasomi kilichoanzishwa na Adam Weishaupt huko Ingolstadt, Bavaria, mwaka 1776, kikapigwa marufuku na serikali kabla ya miaka kumi kupita. Mwaka 1797 padre Mfaransa aliyeitwa Augustin Barruel aliandika kwamba Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa kazi ya chama hicho pamoja na Freemason. Katika maelezo yake ya kwanza Wayahudi hawakuwa wahusika wakuu. Waliongezwa baadaye, baada ya barua iliyomfikia mwaka 1806 ikidai kwamba wao ndio waliokuwa nyuma ya wote. Mwaka 1846 kijitabu kilitolewa Paris, mwandishi akijificha chini ya jina la Shetani, kikieleza jinsi Nathan Rothschild alivyotajirika kwa kuitumia habari ya vita vya Waterloo vya 1815 kabla wengine hawajaipata. Kisa hicho, ambacho wanahistoria wameonyesha kuwa hakina msingi, ndicho kinachosimuliwa hadi leo katika ujumbe wa sauti, miaka mia moja na themanini baadaye, na msimulizi hajui kwamba anamnukuu mtu aliyejiita Shetani.

Kisha likaja andiko linaloitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni, lililochapishwa mara ya kwanza katika gazeti la Kirusi mwaka 1903. Mwaka 1921 mwandishi wa gazeti la The Times la London, Philip Graves, aliliweka kando ya kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha 1864 na kuonyesha kwamba kurasa nyingi zilikuwa zimeibwa humo. Kitabu cha Joly kilikuwa mzaha dhidi ya mtawala Napoleon III. Hakikuwahusu Wayahudi hata kidogo. Mwanafunzi wetu ambaye angewasilisha tasnifu ya namna hiyo angefukuzwa chuoni. Andiko lile, badala yake, lilitafsiriwa katika lugha nyingi za dunia.

Hadithi hii ilitufikia sisi kwa njia ambayo wengi hawaitazamii, yaani kwa vitabu vya kiroho. Mwaka 1991 mhubiri maarufu wa televisheni wa Marekani, Pat Robertson, alitoa kitabu juu ya utaratibu mpya wa dunia, na mwaka 1995 wahakiki walionyesha kwamba sehemu zake zilitegemea waandishi wa zamani waliowachukia Wayahudi, akiwamo Mwingereza Nesta Webster. Vitabu vya aina hiyo, na mahubiri yaliyovifuata, vilisambaa Afrika vikiwa vimevaa joho la unabii wa siku za mwisho. Ndiyo maana msharika anaweza kuipokea hadithi hii bila kuhisi kwamba amepokea chuki. Anadhani amepokea ufafanuzi wa Ufunuo 13.

Tena kuna jambo la ajabu ambalo tumelishuhudia mara nyingi. Mhubiri yuleyule aliyetundika bendera ya Israeli karibu na madhabahu, na anayeliombea taifa hilo kila ibada, ndiye anayesema baada ya nusu saa kwamba Wayahudi wanaimiliki Benki ya Dunia. Haoni kupingana kokote. Na kwa kweli, katika fikira zake hakuna kupingana, maana katika sala na katika hadithi Myahudi si mtu wa kawaida mwenye duka, mgonjwa, mwenye deni, anayekosea na kutubu. Amekuwa ishara tu. (Mijadala juu ya siasa za dola la Israeli ni jambo jingine. Nchi yetu ilivunja uhusiano na dola hilo mwaka 1973 na kuurejesha mwaka 1995, na mara zote mbili sababu zilitolewa ambazo mtu mwenye akili anaweza kuzijadili.)

Hapa yatupasa kugeukia nyumba yetu wenyewe, kwa kuwa Walutheri hatuwezi kuihakiki hadithi hii kama watu wa nje. Tunayo hati ya deni katika kabati letu.

Wasomaji wanafahamu kwamba Hoja 95 za mwaka 1517 zilihusu biashara ya vyeti vya msamaha. Pengine hawakumbuki mara moja kwamba biashara ile ilikuwa jambo la benki. Albrecht wa Brandenburg, alipotaka uaskofu mkuu wa Mainz, alikopa fedha kwa nyumba ya Jakob Fugger wa Augsburg ili alipe Roma. Na kwa makubaliano na Papa Leo X, nusu ya mapato ya vyeti ilikwenda kulipa deni hilo. Fugger huyohuyo ndiye aliyetoa zaidi ya nusu ya fedha zilizotumika kumfanya Karl V achaguliwe kuwa Kaisari mwaka 1519. Kama kuna wakati ambapo benki moja ilimnunua mfalme na kulitia Kanisa mfukoni, ni wakati huo, na mwenye benki alikuwa Mkristo aliyebatizwa, mwenye kujenga nyumba za maskini na kusaliwa misa.

Luther aliliona hilo vizuri. Mwaka 1520, katika waraka wake kwa wakuu wa Kikristo wa taifa la Ujerumani, alimtaja Fugger kwa jina na kutaka nyumba yake na nyingine kama hiyo zitiwe lijamu. Mwaka 1524 aliandika juu ya biashara na riba. Akaeleza hila za soko moja moja, namna wafanyabiashara wanavyokusanya bidhaa ili kuzipandisha bei, na namna wanavyomuuzia mwenye shida kwa bei ya mkopo. Mtu wa Lukozi akisomewa maandishi hayo atadhani Luther alikuwa akiuza viazi. Na mwaka 1540, alipokwisha kuwa mzee, aliwaandikia wachungaji wahubiri dhidi ya riba, akawaagiza wamnyime mla riba asiyetubu ondoleo la dhambi, meza ya Bwana, na hata maziko ya Kikristo. Mla riba aliyemlenga ni mshirika wa kanisani, mtu wa kiti cha mbele.

Kisha mwaka 1543 aliandika kitabu juu ya Wayahudi na kile alichokiita uongo wao. Humo alitaka masinagogi yachomwe, nyumba zibomolewe, vitabu vyao vichukuliwe, marabi wakatazwe kufundisha, fedha zao zitwaliwe, na vijana wao wapewe mashoka na majembe wafanye kazi ngumu. Alisema Wajerumani wamekuwa mateka wa riba ya Wayahudi katika nchi yao wenyewe. Ni mtu yuleyule, aliyemjua Fugger kwa jina, aliyejua kila hila ya soko la Leipzig. Katika miaka mitatu tu kidole chake kilihama kutoka kwa jirani kikamwelekea mgeni.

Kinachotushangaza zaidi ni hiki. Mwaka 1536 mtawala wa Saksonia, Johann Friedrich, alikuwa amewakataza Wayahudi kukaa katika nchi yake na hata kupita humo. Luther aliandika kitabu chake katika nchi ambayo kisheria haikuwa na Myahudi, naye akaeleza jinsi Wayahudi walivyoitawala. Mtu akituuliza inawezekanaje watu wa Lushoto, ambako hakuna sinagogi wala ukoo hata mmoja wa Kiyahudi, waamini kwamba Wayahudi wanawamiliki, tutamjibu kwamba hadithi hii haijawahi kumhitaji Myahudi aliye hai. Inamhitaji mdaiwa, na mhubiri asiyetaka kumtaja mdai aliye karibu.

Baadhi ya wanafunzi hutuambia kwamba mambo haya ni ya Wajerumani, na kwamba Kanisa la Afrika halina sababu ya kubeba mzigo huo. Tunaiheshimu hoja hii, lakini hatukubaliani nayo, na historia ya Usambara inatupa sababu. Injili ilifika Mlalo mwaka 1891 kwa mikono ya Johannsen na Wohlrab, waliotumwa na chama cha misioni kilichoanzia Berlin na baadaye kujulikana kwa jina la Betheli. Katika mji huohuo wa Berlin, na hadi mwaka 1890, mhubiri wa ikulu Adolf Stoecker alikuwa akiwakusanya mafundi na wenye maduka madogo waliobanwa na madeni, akiwaambia kwamba adui yao ni mtaji wa Kiyahudi. Hatusemi kwamba wamisionari wetu walikuja na mafundisho yake. Tunasema kwamba hadithi na Injili ziliishi nyumba moja.

Tena ilikuwa huko Betheli kwenyewe, mwezi Agosti 1933, ambapo Dietrich Bonhoeffer na Hermann Sasse walikutana kuandika ungamo la imani dhidi ya mafundisho ya Wakristo waliomfuata Hitler. Rasimu yao ilikuwa na sehemu juu ya Wayahudi, ambayo Wilhelm Vischer alisaidia kuiandika. Rasimu ilitumwa kwa wanateolojia wapatao ishirini waitolee maoni. Kila mmoja alipunguza makali kidogo, kwa adabu na kwa hoja za kitaalamu, na iliporudi sehemu ile ilikuwa imelegezwa kiasi kwamba Bonhoeffer alikataa kutia sahihi. Tunawaomba wanafunzi wakisome kisa hiki polepole. Hakuna aliyechoma kitu. Kamati ilifanya kazi ya kamati.

Kwa upande mwingine, mwaka 1984 huko Budapest Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulipokea tamko lililoandaliwa Stockholm mwaka uliotangulia, ambamo Walutheri walikiri kwamba maandishi hayo ya Luther hayawezi kutetewa wala kufuatwa. Rais wa Fungamano aliyemaliza kipindi chake katika mkutano huo alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977. Basi ukiri huo si wa Wajerumani peke yao. Ulipokelewa chini ya uongozi wa Mtanzania, na KKKT ni mshirika wake.

Tumesema kwamba hadithi haimhitaji Myahudi. Lakini chuki inayofundishwa kwa habari ya mtu wa mbali haikai mbali. Hutafuta mtu wa kumvika joho lile, na katika Afrika ya Mashariki mara nyingi amekuwa Mhindi. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, akawapa siku tisini. Alisema wanamkamua ng'ombe bila kumlisha. Mwezi uliofuata alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, simu ya maandishi akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi milioni sita. Watu huziona habari hizi mbili kama vituko viwili vya mtu mmoja mwenye wazimu. Sisi tunaona ni mahubiri mamoja. Na Wayahudi waliokuwapo Uganda kweli, Abayudaya wa karibu na Mbale, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walikuwa wakulima wadogo wasio na benki yoyote. Nao walikatazwa ibada yao katika utawala huo.

Kwetu Tanzania, aliyelibeba jambo hili jukwaani alikuwa mchungaji. Mwezi Januari 1993 Mchungaji Christopher Mtikila aliwahutubia walalahoi wa Dar es Salaam juu ya wale aliowaita magabacholi, wanaomaliza mali ya wazawa. Na baada ya hapo magari yalipigwa mawe na watu wenye asili ya Kiasia wakashambuliwa. Haki inatutaka tuseme kwamba Mtikila, aliyefariki mwaka 2015, alipigania pia haki za raia mahakamani, hasa ya mgombea binafsi, na kwamba malalamiko ya watu juu ya ubinafsishaji na rushwa ya miaka ile yalikuwa na msingi. Lakini neno magabacholi halikumtaja mla rushwa yeyote. Lilitaja kabila la watu. Vivyo hivyo, hadithi ya Freemason ilipovuma katika magazeti yetu mnamo 2012, uso uliochapishwa mara nyingi ni ule wa Sir Andy Chande, kiongozi wa Freemason Afrika Mashariki ambaye hakuficha uanachama wake. Wasomaji wachache walielezwa kwamba vinu vyake vya nafaka vilitaifishwa mwaka 1967, na kwamba baadaye alikubali kuliongoza Shirika la Taifa la Usagishaji kwa niaba ya serikali iliyomtaifisha. Mtu mwenye historia ngumu na ya kuvutia alifanywa kinyago.

Hapa ndipo tunapoona kwamba Wasambaa wa kale walikuwa na busara kuliko vijitabu vya stendi. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1990 juu ya wakulima wa Usambara, ameeleza jinsi wazee walivyozungumza juu ya kuiponya nchi, kuzifya shi, na kuiharibu nchi, kubana shi. Waliamini kwamba mvua na njaa zimo katika uwezo wa watu, hasa wafalme wa Kikilindi wa Vuga. Mtu anaweza kusema kwamba hii nayo ni hadithi ya nguvu zilizofichika, na kwamba ndiyo iliyoandaa udongo kwa hadithi ya leo. Sisi tunaona tofauti kubwa. Mfalme aliyelaumiwa kwa njaa alijulikana jina, alijulikana nyumba, alikula kodi ya wale waliomlaumu, na watu waliweza kupanda hadi Vuga kumdai. Hata miaka ya 1940 na 1950, serikali ya kikoloni ilipolazimisha matuta ya kuhifadhi udongo kuanzia bonde la Mlalo, wakulima walizungumza juu ya nchi iliyoharibiwa, na waliwajua machifu na maofisa walioiharibu. Rothschild wa ujumbe wa sauti hana nyumba ambayo mtu wa Mlalo anaweza kuiendea. Anaweza kulaaniwa usiku kucha, na asubuhi lumbesa iko palepale.

Je, tunasema hakuna njama katika mambo ya fedha? La hasha. Mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zilichotwa katika akaunti ya malipo ya nje ya Benki Kuu kwa hati za kughushi. Ulikuwa mpango wa siri wa kuiba benki, na ulifahamika kwa ukaguzi, kwa majina ya makampuni, kwa tarehe na sahihi. Gavana aliondolewa kazini Januari 2008. Mpango wa kweli huwa na risiti. Mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, iliyowaahidi watu kupanda mbegu na kuvuna maradufu, na iliyopata wateja wake wengi makanisani. Walioshtakiwa walikuwamo wachungaji. Waliopoteza fedha hawakuibiwa na familia yoyote ya Ulaya. Wengi waliwapa fedha zao watu waliosali nao.

Vilevile madeni ya taifa yanazungumzika bila hadithi. Mwalimu Nyerere, mwanzoni mwa 1980, aliwauliza mabalozi tangu lini Shirika la Fedha la Kimataifa limekuwa wizara ya fedha ya dunia. Lilikuwa swali kali, nalo lilihusu kura, masharti na bei za mazao. Alipozitaifisha benki mwezi Februari 1967, kubwa kati yake zilikuwa za Kiingereza, na mojawapo, Barclays, asili yake ni familia za Waquaker, Wakristo wa kupinga vita. Hatujasikia mhubiri akionya juu ya njama ya Waquaker. Na kampeni ya Yubile 2000, iliyosaidia kusukuma misamaha ya madeni ambayo nchi yetu iliipata mwaka 2001 na 2006, ilichukua jina na hoja yake katika Mambo ya Walawi 25, yaani katika Torati ya Wayahudi. Kuwaita wenye sheria hiyo baba wa riba ni kumwibia mtu shoka kisha kumshtaki kwa kukata msitu.

Wapo watakaotukumbusha Kumbukumbu la Torati 23:20, ambapo Mwisraeli anaruhusiwa kumtoza mgeni riba. Tunalijua andiko hilo. Tunajua pia kwamba Ulaya ya zamani ilimkataza Mkristo kutoza riba, ikamzuia Myahudi mahali pengi kulima na kuingia katika vyama vya mafundi, kisha ikamchukia kwa kufanya kazi pekee iliyomwachia. Na kwamba wakati wote huo Walombardi, Wamedici na akina Fugger waliendelea kukopesha. Anayesoma aya moja na kuruka nyingine zote hafanyi ufafanuzi.

Kwa darasa letu sisi tumechagua Nehemia 5. Humo watu wamekwisha kuweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao kwa sababu ya njaa na kodi ya mfalme, na binti zao wameanza kuchukuliwa utumwani. Kodi ni ya Mwajemi, na Nehemia angeweza kumlaumu Mwajemi bila kusema uongo. Hakufanya hivyo. Aliwaita wakubwa na mashehe wa watu wake, wadai wa jirani, akawatetea wadaiwa mbele ya mkutano; na katika aya ya 10 alikiri kwamba yeye mwenyewe, na ndugu zake, na watumishi wake, walikuwa wakikopesha fedha na nafaka.

Tulipoifikia aya hiyo, mwanafunzi mmoja alisema kwamba mfuko wa kukopeshana wa usharika alikotoka hutoza asilimia kumi kwa mwezi, na kwamba mweka hazina ndiye mwinjilisti. Akauliza kama, kwa agizo la Luther la 1540, mwinjilisti huyo angenyimwa meza ya Bwana. Wenzake walicheka. Mmoja alisema riba hiyo hurudi kwa wanachama, mwingine akasema wanachama wanaokopa si wale wanaogawana. Tulimwomba aandike ubaoni mkopo mmoja wa shilingi 100,000 kwa miezi sita. Aliandika shilingi 160,000, akapigia mstari, akabaki amesimama na chaki mkononi akitungoja, na muda wa kipindi ukaisha kabla hatujakubaliana jibu.